Chumba chenye Dirisha Ndani ya Kilima

Mume wangu Torcuato alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imekaa kwenye milima ya kusini. Watu waliokuja kunipa pole walivua makoti yao jikoni wakasema nyumba ina joto zuri. Wangekuja Julai wangesema ina ubaridi mzuri. Nyumba ni ile ile. Imechimbwa ndani ya kilima, kama zote za mtaa wetu huku juu ya mji wa Guadix, kusini mwa Hispania, na ukishaingia hatua chache hewa inakuwa moja mwaka mzima. Naandika haya kwa ajili yangu mwenyewe, na kwa yeyote atakayekuja kulala katika chumba cha nyuma kabisa akajiuliza kwa nini kina dirisha pale lilipo.

Torcuato alifanya kazi za barabara mpaka alipostaafu, lakini kilima alikipenda kuliko barabara. Kiangazi kilipoingia, alifunga mlango asubuhi kabla jua halijafika kizingitini, akateremsha pazia la nyasi zilizosukwa, akalirushia maji kwa mkono na kunyunyiza sakafu. Mtungi wa udongo aliuweka karibu na pazia, utoe jasho na kupoza maji yake. Tulipika asubuhi; mchana tulikula vya baridi, supu ya nyanya mbichi na mkate. Jioni, nje kukishapoa, alifungua kila kitu. Umeme wetu ulikuwa wa taa na jokofu. Hatukuwahi kuwa na kiyoyozi, wala si kwa ubahili, ingawa dada yangu alisema ni ubahili.

Kuta alizipaka chokaa kila mwaka kabla ya Pasaka. Rangi ya dukani aliikataa. Binamu yake alipaka pango lake rangi ile inayong'aa, inayofutika kwa kitambaa, na mwaka uliofuata ukuta ukatoka malengelenge kama mkono ulioungua, maana unyevu wa udongo ulikosa pa kutokea. Binamu akaishia kununua mashine ya kukausha hewa, ikawa inanguruma mchana kutwa. Kila tulipomtembelea, Torcuato alimwuliza kwa upole kama mgonjwa anaendelea vizuri, na wote tulijua anauliza habari za ukuta.

Dada yangu Trinidad ni mkubwa kwangu. Aliondoka kilimani siku alipoolewa, akaenda kuishi Granada, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani. Huko alishona nguo za watu, huko alimzika mumewe. Kiyoyozi alikuwa nacho, tena kizuri, lakini nyaya za jengo lile ni za zamani kama ngazi zake, na alasiri za joto, wote wakiwasha kwa pamoja, umeme wa jengo zima ulikatika. Hapo paa lilianza kumrudishia joto lote lililopokea tangu asubuhi. Kiangazi kimoja alikuwa analala sakafuni bafuni, taulo lililolowa likiwa kifuani. Mwezi Juni uliofuata alianguka kwenye ngazi. Daktari alimwambia wazi kwamba moyo wake hautamaliza Julai katika nyumba ile.

Nilimpigia simu nikamwomba aje kwetu. Akakataa. Utotoni tulilala chumba cha ndani kabisa cha pango la wazazi wetu, na kila taa ilipozimwa alihisi kilima kizima kimemkalia kifuani. Alikuwa akinishika mkono mpaka unakufa ganzi.

"Mdogo wangu," aliniambia, "siji kulala kaburini kabla ya siku yangu. Nipe chumba chenye dirisha, nitakuja."

Alijua anachokisema. Nyumba zetu huwa na madirisha upande wa mbele tu, na uso wa nyumba yetu ni mwembamba: mlango, dirisha la jikoni, basi. Alidhani amemaliza maneno. Torcuato alikuwa anamenya tunda mezani. Akafuta mikono, akanipokonya simu, akamwambia shemeji yake afungashe mizigo, dirisha lipo, aje Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Nilipomwuliza dirisha lenyewe liko wapi, alirudi kwenye tunda lake.

"Liko ndani ya kilima," akasema. "Halijatolewa tu."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kilima chetu kina mkono unaotokeza, mrefu lakini mwembamba, na nyuma yake kuna korongo linalotazama kaskazini, lenye kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Akitokea chumba chetu cha nyuma akachimba moja kwa moja, atapata chumba kipya, na mwisho wa chumba atatobolea korongoni. Trinidad atakuwa na dirisha, na dirisha lisilopigwa na jua.

Huko korongoni, mbali kidogo na pale alipokusudia kutokea, ndiko uliko mlango wa Indalecio. Huyu ni jirani yetu wa mgongoni, mwanamume asiyewahi kuoa, mkali wa maneno. Miaka mingi nyuma alipanda mti wa tini juu ya kilima, mahali ambapo kwa chini ndipo kitanda chetu kilipo, akawa anaumwagilia kila jioni. Maji yakashuka, dari yetu ikaanza kudondosha udongo. Torcuato alipanda juu siku moja, akaung'oa mti na mizizi yake yote. Tangu hapo salamu ya Indalecio kwetu ilikuwa kuinua kidevu.

Torcuato alianza kuchimba kesho yake. Alichimba mchana, saa ambazo mji mzima umefunga madirisha na mafundi wa nje wameacha zana kwa sababu chuma hakishikiki. Ndani ya kilima alikuwa amevaa fulana ya mikono mirefu. Nilikuwa nikimpelekea maji namkuta anapiga sululu kwa utaratibu ule ule, hakuna pigo la haraka wala la hasira, na kila pigo linalala kando ya lililotangulia. Dari aliipinda kama tanuri la mkate ili uzito wa kilima ushuke kwenye kuta. Alama za sululu hakuzisawazisha. Zilijipanga kama magamba ya samaki, na baadaye chokaa ilipopakwa juu yake mwanga wa taa ulitulia katika kila gamba. Nimeona majumba yenye dari za mbao za kuchongwa. Hiyo yetu naipenda zaidi.

Udongo aliutoa kwa toroli, akaupandisha juu ya kilima, akautandaza na kuukanyaga ili mvua isipenye. Alisema kilima tumekikopa tumboni, tukirudishie mgongoni.

Kila baada ya muda alisimama, akagonga ukuta kwa mpini wa sululu, akasikiliza. Udongo mnene hujibu kwa sauti fupi, nzito. Jumatano ya wiki ile ya mwisho ukuta uliokuwa mbele yake ukajibu kwa sauti nyingine, ya ngoma. Akaniita jikoni. Alifurahi mpaka masikio yakawa mekundu. Alisema nyuma ya pale kuna hewa tupu, yaani korongo limefika mapema kuliko alivyodhani, nisimame nione mwanga unavyoingia. Akapiga. Sululu ikazama mpaka kwenye mpini.

Mwanga haukuja. Ilikuja harufu ya kitunguu saumu na nyama iliyokaushwa.

Torcuato alichomoa sululu taratibu. Upande wa pili mtu aliwasha taa, na kupitia tundu nikaona paja la nguruwe limening'inia, pilipili nyekundu zimetungwa kwenye uzi, na katikati yake jicho la Indalecio.

"Torcuato," akasema, bila kupandisha sauti, "ukitaka nyama, mlango uko upande wa mbele."

"Nilikuwa natafuta korongo, jirani."

"Korongo umelikosa kwa chumba kizima."

Ilikuwa stoo yake. Aliichimba mwaka aliofiwa na mama yake, kwa kutafuta kazi ya mikono, na hakumwambia mtu. Huku kwetu hakuna anayesema. Anayehitaji chumba anashika sululu, na tumbo la kilima halijawahi kupimwa na yeyote. Kila mmoja anaamini jirani yake ameishia pale babu yake alipoishia.

Indalecio alitaka tundu lizibwe kwa matofali siku hiyo hiyo, kisha akazima taa. Torcuato akakaa juu ya toroli aliyoipindua. Nilisema tunaweza kuziba na kuchimba upya upande mwingine. Akasema ndiyo, ila chumba kitakuwa tayari mwezi Agosti. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba joto kubwa linapanda kutoka kusini na litafika mwisho wa wiki.

"Nimemwahidi dirisha, Frasia," akasema. "Akifika akakuta ukuta, atarudi na basi la jioni. Na kule ghorofani kwake hatatoka hai."

Alinawa uso, akavaa shati safi, akazunguka kilima kwenda kubisha mlango wa mbele wa Indalecio. Nusu saa baadaye niliwasikia wote wawili juu ya kichwa changu, katikati ya mabomba ya moshi, wakioneshana kwa vidole mpaka wa nani unaishia wapi. Baba zao walitajwa. Halafu sauti zikashuka, nikajua Torcuato anamweleza habari za dada. Aliporudi alikuwa na jibu la nusu. Indalecio alikubali tundu libaki, lipanuliwe, litiwe fremu, ila liwe na ubao wa kufunga upande wake. Torcuato akamwambia kwamba dirisha linalofunguliwa na mtu mwingine si la mgonjwa wake. Basi zikawekwa mbao mbili: moja upande wetu, moja upande wake, kila moja na komeo lake. Na Indalecio alipokuwa anaondoka aliongeza kwamba kuwa na ubao si kuahidi kuufungua.

Ijumaa tulipaka chokaa. Ubao wa upande wetu Torcuato aliupaka rangi ya buluu.

Trinidad alifika Jumamosi na basi la mchana, joto likiwa limeshaingia. Lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Torcuato alibeba sanduku lake begani, naye akapanda njia ya kilima akisimama kila kona, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, na bado alikuwa na pumzi ya kuniuliza kama shemeji yake amenenepa au ni shati limesinyaa. Tuliponyanyua pazia la mlango akaingia jikoni, akasimama, akafumba macho. Nilimwangalia usoni, rangi ikirudi kidogo kidogo.

Kisha Torcuato akampeleka chumbani.

Aliangalia dari kwa muda mrefu. Akapitisha vidole kwenye zile alama za sululu, yeye ambaye maisha yake yote amepima mshono kwa macho, na akakubali kwa kichwa. Akaenda kwenye ubao wa buluu, akavuta komeo, akafungua. Mbele yake ulikuwa ubao mwingine.

"Shemeji," akasema, "hili ni dirisha au kabati?"

Torcuato alimweleza yote: sauti ya ngoma, stoo, mbao mbili. Hakujitetea. Trinidad akakaa kitandani. Mlango ulikuwa wazi na taa inawaka, lakini nilimwona anaanza kutafuta hewa kwa mabega, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto, na mkono wake ukashika shuka. Akaniuliza basi la jioni linaondoka saa ngapi.

Nilisema jioni bado ni mbali. Torcuato alikuwa ameshageuka kwenda kuzunguka kilima tena, lakini Trinidad akamwambia asimame hapo hapo. Akafungua mkoba, akatoa mkasi wake mkubwa wa kushonea, akainuka, akagonga ule ubao wa pili kwa mpini wake.

"Bwana wa upande wa pili," akasema, "mimi naitwa Trinidad. Moyo wangu ni mgonjwa, lakini mdomo ni mzima. Fungua, au nitaongea na ubao huu mpaka Septemba."

Akagonga tena. Akaanza kuueleza ubao habari za safari yake, kona moja baada ya nyingine, na jinsi mtu wa kiti cha jirani alivyokula sardini ndani ya basi. Alikuwa anahema kati ya maneno, na mimi nilikuwa nimemshika kiuno. Hapo tukasikia komeo.

Uso wa Indalecio ulitokea kati ya pilipili. Alisema hana ugomvi na bibi mgeni. Ugomvi wake ni na huyo aliyesimama nyuma, aliyengoja yeye aende sokoni ndipo apande kumng'olea mti wake wa tini, wakati ndio kwanza ulikuwa umeanza kuzaa.

Trinidad akageuka.

"Ni kweli, shemeji?"

"Ni kweli," Torcuato akasema. "Maji yalikuwa yanaingia kitandani kwetu. Lakini nilipaswa kubisha kwanza, nimwambie. Nilikosea, Indalecio. Nisamehe."

Miaka yote ile hakuwa amelisema, hata kwangu. Indalecio aliangalia chini, akaigeuza pilipili moja kwenye uzi kama anatafuta iliyooza. Akasema tini zake zilikuwa tamu sana. Kisha akaondoka bila kufunga ubao, na tukamsikia anakwenda mpaka mbele ya nyumba yake, anavuta pazia la mlango, anafungua na mlango wenyewe.

Hewa ikaja. Ilitoka kwenye kivuli cha korongo, ikapita ndani ya pango lake refu, ikaacha joto lake njiani, na ilipofika dirishani ilikuwa kama inatoka kisimani. Ikavuka chumba kipya, ikapita chumba cha nyuma, ikafika jikoni, ikapanda kwenye bomba la moshi kana kwamba ilikuwa inaijua njia. Kalenda ya ukutani ilianza kutikisika. Torcuato alitoka akaenda kusimama chini ya bomba, akanyoosha mkono ndani, na niliona kwamba hilo hakuwa amelihesabu. Alikuwa ametafuta dirisha tu. Alibaki pale, mkono juu, anacheka peke yake.

Trinidad aliweka kiganja mbele ya dirisha, karibu lakini bila kugusa, kama anavyopima pasi.

"Inanuka nguruwe," akasema.

Akavua viatu, akajilaza kitandani, uso ameuelekeza dirishani. Saa ya basi ilipofika alikuwa anakoroma.

Joto lile lilikaa wiki nzima na zaidi. Mji wa chini viyoyozi vilifanya kazi mpaka umeme ukakatika mtaa mmoja baada ya mwingine. Sisi tulijua umekatika kwa sababu jokofu lilinyamaza. Torcuato aliweka utaratibu wa lile dirisha, naye Indalecio akaufuata bila kuulizwa: asubuhi na jioni wazi kabisa na milango yote miwili wazi, mchana kiufa cha vidole vinne, mapazia yakiwa yameloweshwa. Trinidad alilala na taa imezimwa. Aliniambia kwamba akiamka anasikia mtu wa upande wa pili anakohoa au anakata mkate, na hilo linamtosha kujua kuwa kilima hakijamziba uso. Mchana walikuwa wakibishana yeye na Indalecio kupitia dirishani, kuhusu chumvi ya nyama, kuhusu namna ya kutunga pilipili, kuhusu nani aliyefunga ubao kwa kishindo. Mara kwa mara sahani ilipita, ikarudi na kitu kingine juu yake. Daktari wa zahanati alipompima mwezi Agosti, alimwambia chochote anachokifanya aendelee nacho.

Septemba tulimfungashia. Hakuna aliyemwomba abaki; Torcuato alisema mtu haombwi kukaa penye hofu yake, akitaka atasema. Asubuhi ya safari Trinidad alikunywa kahawa yake polepole, sanduku liko mlangoni. Akauliza, bila kumtazama yeyote, kama ukuta wa chumba chake unaweza kuchimbwa kishubaka cha kutosha mashine ya kushonea.

Kabla Torcuato hajajibu, sauti ilitoka huko nyuma, kwenye dirisha. Indalecio alisema yeye anakwenda Granada Jumatano na gari lake la mizigo, na mashine ya kushonea si mzigo.

"Huyu anasikiliza kila kitu," Trinidad akasema.

"Una sauti ya kufika mpaka korongoni," akajibiwa.

Torcuato alilirudisha sanduku chumbani, akaenda kuchukua sululu yake fupi. Dada alikaa kitandani akimwelekeza, juu kidogo, kushoto kidogo, hapana, huko unaniwekea kivuli, shemeji, mimi nashona kwa macho si kwa maombi. Alichimba mpaka mchana, kwa utaratibu ule ule wa siku zote, pigo kando ya pigo. Hakuchimba tena baada ya hapo. Baridi ilipoingia kifua kilimkamata, na hakikumwachia. Lakini siku ile hapakuwa na ugonjwa wowote katika mikono yake. Alipomaliza alipitisha kiganja kwenye ukingo wa kishubaka, akapuliza vumbi, akapitisha tena, kisha akasogea pembeni ili dada yangu aje apime kimo cha kiti.